Salvinia, Kangaga Lieleayo Majini: Jinsi ya Kulitambua, na Hasara ya Kulikosea Jina

Mto Tana hauna desturi ya kukaa katika njia moja. Kutoka Bura na Chewele hadi Garsen, na kutoka huko hadi baharini, mto huu hupindapinda kama nyoka, na mafuriko makubwa yanapokuja huweza kukata kona na kujifanyia njia mpya. Njia ya kale huachwa nyuma, ikawa ziwa jembamba lenye umbo la mundu. Katika maziwa hayo Wapokomo wamevua kambare tangu zamani. Waorma na wafugaji wengine hunywesha ng'ombe wao wakati wa kiangazi. Na maji yanaporudi nyuma, kingo zake hupandwa mpunga na mahindi. Tena, tangu mradi wa kumwagilia mashamba ulipoanzishwa Hola mwaka 1953, na ule wa Bura ulipofuata mwishoni mwa miaka ya 1970, bonde hili limepata mifereji mingi ya maji yaendayo polepole.

Maji yaliyotulia namna hiyo ndiyo yapendwayo na mimea inayoelea. Huenda mtu akaondoka ziwani leo akiwa ameona madoa machache ya kijani kando ya matete, akarudi baada ya wiki chache akakuta zulia zima. Hapo shauri huwa nyingi. Mmoja husema, "Hili ni gugu maji kama lile la Kisumu." Mwingine husema ni majani tu, yataondoka na mafuriko. Wa tatu hutaka dawa ya kuua magugu inyunyizwe siku hiyo hiyo. Yawezekana wote watatu wamekosea, maana mimea inayoelea haina tabia moja: upo ulio na faida shambani, upo usiodhuru, na upo uwezao kufunga ziwa kiasi ambacho mtumbwi hauwezi kupita wala wavu kutupwa. Baadhi ya mimea hiyo si majani wala gugu maji, bali ni makangaga, na ukoo ulio maarufu kuliko wote kati yao huitwa Salvinia.

Watu wengi wanalijua kangaga kuwa ni mmea wa mahali penye majimaji na kivuli, wenye majani marefu yaliyopasuka kama unyoya. Jambo linaloyafanya makangaga yote kuwa kundi moja si umbo la jani, bali ni njia yao ya kuzaa. Kangaga halitoi ua, wala halitoi tunda, wala mbegu. Hutoa vumbi laini sana liitwalo spora, na kila chembe ya vumbi hilo ikianguka penye unyevu huweza kuanzisha maisha mapya. Makangaga ya maji yana desturi yao ya pekee: spora zao ni za namna mbili, kubwa za kike na ndogo za kiume, nazo hufungwa ndani ya vifuko vigumu. Basi mtu akiona ua, hata likiwa dogo namna gani, na ajue kwamba mmea ule si kangaga. Gugu maji hutoa ua zuri la rangi ya zambarau, na kwa alama hiyo moja tu limekwisha kutengwa.

UKOO NA JINA

Wataalamu wa mimea huipa kila namna ya mmea majina mawili, ila wao hutanguliza jina la ukoo. Ukoo huitwa jenasi, na kila namna iliyomo ndani ya ukoo huitwa spishi. Mathalani katika jina Salvinia hastata, Salvinia ni ukoo na hastata ni spishi. Koo zinazokaribiana huwekwa katika jamaa moja. Salvinia na Azolla ni wa jamaa moja, kama watoto wa ndugu wawili. Marsilea ni wa jamaa ya jirani. Na hao wote huhesabiwa kuwa makangaga ya maji. Jina Salvinia lilitolewa kwa heshima ya Anton Maria Salvini, mwalimu wa lugha ya Kiyunani katika mji wa Florence huko Italia, aliyefariki mwaka 1729. Hakuwa mtaalamu wa mimea, na leo jina lake hutajwa zaidi na wavuvi wenye hasira kuliko na wasomaji wa Kiyunani.

Ukoo wa Salvinia una spishi kumi na kitu duniani, na nyingi kati ya hizo ni za Amerika. Afrika ya Mashariki ina Salvinia yake yenyewe, ndiyo hiyo Salvinia hastata, ionekanayo katika nchi za upande wa pwani kutoka Kenya hadi Msumbiji, na pia Bukini. Huyo ni mwenyeji. Ameishi katika madimbwi yetu bila kuleta fitina. Lakini yuko ndugu yake mgeni, Salvinia molesta, ambaye jina lake la pili kwa Kilatini maana yake ni msumbufu, na jina hilo amelistahili. Kazi yote ya kutambua ni kumtenga huyu na wenzake.

ALAMA ZA KUTAZAMA

Mtu achukue mmea mmoja kutoka majini, auweke katika bakuli jeupe lenye maji, kisha ahesabu majani. Salvinia huota majani matatu matatu katika kila kifundo cha shina. Mawili ni ya kijani, nayo huelea juu yakitazamana. La tatu huning'inia chini ya maji, nalo limepasuka likawa nyuzi nyingi za rangi ya kahawia. Kila alionaye mara ya kwanza husema kwamba ni mizizi. Sivyo. Salvinia haina mizizi kabisa, na nyuzi zile ni jani lililogeuka kufanya kazi ya mizizi. Alama hii ni ya ukoo wote, na kwa kuwa ni rahisi kuiona, yafaa ianze.

Azolla hutambulika upesi. Ni mmea mdogo wenye vijani kama magamba ya samaki yaliyopandana, na jua likiwa kali aghalabu hugeuka kuwa mwekundu, hata dimbwi zima likaonekana kama limemwagiwa damu. Wenyewe una mizizi ya kweli, myembamba, iningʼiniayo majini. Namna moja ya Afrika, Azolla nilotica, ni kubwa kuliko zote, nayo huweza kufika urefu wa shibiri moja na zaidi. Mkulima wa mpunga asiikimbilie Azolla kwa jembe. Ndani ya vijani vyake hukaa vijidudu vidogo mno viwezavyo kuchukua naitrojeni kutoka hewani na kuifanya chakula cha mmea, na kwa sababu hiyo wakulima wa Uchina na Vietnam wameifuga katika mashamba yao kwa karne nyingi kama mbolea.

Marsilea ina majani manne yaliyokaa juu ya kikonyo kimoja kama msalaba. Huota katika madimbwi ya mvua yanayokauka, na vifuko vyake vya spora ni vigumu kama choroko. Dimbwi likikauka, vifuko hubaki katika udongo uliopasuka vikingoja. Vifuko vilivyohifadhiwa makavu katika kabati za wataalamu kwa karibu miaka 100 vimetiwa maji, na spora zake zikaamka. Mchungaji aonaye majani yale yakirudi baada ya ukame wa miaka miwili asidhani yameletwa na ndege, ingawa ndege wa majini nao huyachukua.

Tena uko mmea ufananao na kabichi ndogo ielelayo, uitwao Pistia, na kuna vijani vidogo kuliko punje ya mchele viitwavyo Lemna. Yote miwili hutoa maua, ingawa ni madogo mno, nayo si makangaga.

Mtu akisha kujua kwamba mmea wake ni Salvinia, swali linalobaki ndilo gumu: ni mwenyeji au ni mgeni? Hapo ukubwa wa jani usimdanganye. Salvinia molesta ina maumbo matatu, na yote ni ya mmea ule ule. Ikiwa na nafasi, majani yake ni madogo, membamba, nayo hulala bapa juu ya maji. Ikianza kusongana, majani huongezeka na kujikunja kidogo katikati. Ikisongana kabisa, majani husimama wima yamekunjwa kama kitabu kilichofunguliwa nusu, nayo huwa makubwa mara kadhaa kuliko yale ya kwanza. Mtu asiyejua jambo hili akiletewa mimea mitatu kutoka ziwa moja, ataapa kwamba ni namna tatu.

Alama ya kuaminika imo katika nywele zilizo juu ya jani. Ashike kioo cha kukuzia, na kile kinachotumiwa na mafundi wa saa chatosha, alielekeze jani kwenye mwanga wa ubavuni. Ataona safu za vishina vifupi vilivyosimama, na juu ya kila kishina nywele nne. Katika Salvinia molesta nywele hizo hutawanyika, kisha hupinda na kukutana tena nchani, kama fito za kizimba cha kuku zilizofungwa pamoja juu. Katika mwenyeji wetu, Salvinia hastata, nywele hazikufungwa nchani. Hiyo ndiyo tofauti: kizimba kilichofungwa, au nywele zilizo huru. Ni alama ndogo kuliko ncha ya sindano, lakini haibadiliki jani likiwa dogo au kubwa, bapa au lililokunjwa.

Nywele hizo si pambo. Hushika hewa juu ya jani hata mmea ukizamishwa, na ukiachiliwa huibuka ukiwa mkavu. Wataalamu wa Ujerumani walieleza mwaka 2010 kwamba kizimba chote hukataa maji, isipokuwa ncha yake, ambayo huyashika maji na hivyo kuizuia hewa isitoroke. Tangu hapo wako watu wanaojaribu kuiga ufundi huo ili merikebu ziweze kupita majini kwa urahisi zaidi.

JINA LILILOKOSEWA

Kisa cha gugu hili kinaonyesha jinsi kosa la jina linavyoweza kuwa ghali. Katika mwaka 1939 mmea huo ulifika Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka, nao ukaenea katika mashamba ya mpunga. Katika Mto Zambezi ulikwisha kuonekana kabla ya mwaka 1950. Ukuta wa Kariba ulipofungwa Desemba 1958 na maji yakaanza kujaa, mmea ulionekana katika ziwa jipya baada ya miezi michache tu, mwaka 1959. Kufika mwaka 1962 ulikuwa umefunika kilomita za mraba 1,000 hivi, yaani kiasi cha sehemu moja katika tano ya ziwa lote. Ulikuwa zulia nene, na juu yake mimea mingine iliota kama shambani.

Wakati huo wote gugu liliitwa Salvinia auriculata. Jina hilo lilitolewa mwaka 1775 na Mfaransa Aublet kwa mmea wa Guiana, kaskazini ya Amerika ya Kusini. Nywele za mmea ule nazo zimefungwa nchani, na majani yanafanana, basi watu waliona jina limetosha. Palipotafutwa wadudu wa kuutafuna, watafutaji walikwenda Trinidad na nchi jirani, walikoota Salvinia auriculata, wakaleta panzi mmoja, nondo mmoja na fukusi mmoja mdogo mweusi. Shauri lao lilikuwa la akili: adui wa mmea hutafutwa katika nchi ya asili ya mmea. Lakini mmea waliokuwa wakipigana nao haukutoka nchi hiyo. Wadudu waliachiliwa katika mahali mbalimbali pa Afrika na kwingineko, na matokeo yalikuwa hafifu. Kule Kariba gugu lilipungua baadaye, ila sababu kubwa huonekana kuwa ni kupungua kwa chakula cha mimea katika maji baada ya miaka ya kwanza ya ziwa jipya.

Mtaalamu D. S. Mitchell, aliyechunguza gugu la Kariba, alitazama jambo ambalo wengine walilipita, nalo ni vifuko vya spora. Katika mmea wa Kariba vifuko vilikuwa vimepangwa katika mstari mrefu chini ya maji kama shanga katika uzi, tena vingi vilikuwa vitupu. Mwaka 1972 alitangaza kwamba mmea huo si auriculata bali ni spishi ya pekee, akauita Salvinia molesta.

Utupu wa vifuko hivyo una sababu. Ndani ya kila chembe ya mmea kuna nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu, zinazobeba urithi. Katika ukoo wa Salvinia fungu moja lina kromosomu 9, na molesta ina mafungu matano, jumla 45. Mmea unapotaka kutengeneza spora lazima uyagawe mafungu yake katika sehemu mbili zilizo sawa, na mbuzi watano hawagawanyiki sawasawa kwa warithi wawili. Kwa hiyo molesta haizai kwa spora. Huenea kwa kukatika tu. Kila kipande chenye kichipukizi ni mmea mpya, na katika maji ya joto yenye chakula tele wingi wake huweza kuwa maradufu kwa siku mbili au tatu. Wingi wote ule uliofunika Kariba ulitokana na kukatika kwa vipande.

FUKUSI WA MILIMITA MBILI

Jina lilipokwisha kunyoshwa, swali la nchi ya asili liliulizwa upya, na mwaka 1978 Salvinia molesta ilipatikana ikiota porini kusini-mashariki ya Brazil, mbali sana na Trinidad. Huko haikuwa ikisumbua. Juu yake palionekana fukusi mweusi wa urefu wa milimita mbili hivi. Wataalamu walipomtazama walisema ni yule yule wa Trinidad, Cyrtobagous singularis, ambaye alikwisha kujaribiwa na kushindwa. Hata hivyo walimchukua.

Mwezi Juni 1980 fukusi hao waliachiliwa katika Ziwa Moondarra, Queensland, nchini Australia, ambapo gugu lilikuwa limefunika hekta 200 hivi. Kulikuwa na tani 18,000 za gugu zilizojaa maji. Kufika Agosti 1981 haikubaki hata tani moja. Buu la fukusi huyu hutoboa shina na kukaa ndani yake, na mkubwa hula vichipukizi. Mmea ukipoteza vichipukizi hauna njia nyingine ya kuzaa, maana spora hauna. Ndipo fukusi mwenyewe alipotazamwa kwa makini zaidi, ikaonekana kwamba naye alikuwa amekosewa jina. Alikuwa spishi mpya, iliyotangazwa mwaka 1985 kwa jina Cyrtobagous salviniae. Basi katika kisa kimoja mmea ulichukuliwa kuwa mwingine, na mdudu wake pia akachukuliwa kuwa mwingine. Mwaka huo huo wa 1985 shirika la UNESCO liliwapa wataalamu wa Australia tuzo lake la sayansi kwa kazi hiyo.

Kazi haikuwa rahisi kila mahali. Katika Mto Sepik, nchini Papua New Guinea, gugu lilifunika maziwa ya kando ya mto yanayofanana sana na yale ya Tana, na watu waishio kwa samaki na mitumbwi wakahama vijiji. Fukusi walipopelekwa hawakustawi. Ilionekana kwamba maji yale yalikuwa maskini, na mmea wenyewe ulikuwa na naitrojeni kidogo mno kumlisha mdudu. Wataalamu wakafanya jambo ambalo mkulima angelicheka: walilitia gugu mbolea ya urea, likanona, fukusi wakala wakazaana, kisha wakalimaliza. Wanavijiji walibeba mafungu ya gugu lenye fukusi kutoka ziwa hadi ziwa kwa mitumbwi yao wenyewe.

Nchini Kenya gugu lilionekana katika Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1960, nalo lilizunguka ziwani kwa miaka mingi kama visiwa visukumwavyo na upepo. Fukusi wa Brazil aliachiliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Salvinia ikapungua. Lakini gugu maji lilikuwa limekwisha kuingia Naivasha tangu mwaka 1988, nalo likachukua nafasi iliyoachwa. Fukusi wa Salvinia hali gugu maji. Hata akifa kwa njaa hali. Ndiyo maana aweza kuaminiwa asije akageukia mpunga, na ndiyo maana pia hawezi kusaidia mahali ambapo jina la gugu limekosewa.

KWA WATU WA KANDO YA TANA

Watu wa Bura na Chewele hawahitaji kufundishwa habari za mmea mgeni. Mathenge ililetwa katika sehemu hizo mapema katika miaka ya 1980 ili kupata kuni na kuzuia mchanga, na kila mchungaji ajua ilivyofunga njia za mifugo. Tofauti ni kwamba mathenge hubebwa na mbuzi kwa mbegu, na Salvinia molesta hubebwa na watu. Huja katika wavu uliolowa, chini ya mtumbwi uliopakiwa juu ya lori, katika ndoo ya vifaranga vya samaki vilivyonunuliwa mbali, au hutupwa na mtu aliyeifuga katika bakuli la samaki wa pambo kwa kuwa ni nzuri. Wavu uliotoka katika maji yenye gugu ukaushwe juani hadi ukauke kabisa, na bwawa jipya la samaki litazamwe kila wiki kwa miezi ya kwanza.

Gugu likionekana likiwa bado dogo, lawezekana kuopolewa kwa mikono na chekeche. Lisirundikwe ukingoni, kwa sababu lililo ndani ya rundo hubaki na unyevu na mafuriko hulirudisha. Litandazwe jembamba juani, mbali na mahali maji yafikapo. Kwa kuwa halina spora zinazokua, likikauka limekufa. Halingoji katika udongo kama Marsilea. Kwa upande mwingine, ikiwa mmea ni Salvinia ya kwetu, kuung'oa wote ni kuondoa mwenyeji asiye na kosa na kumwachia nafasi mgeni wa kesho.

Kabla ya kung'oa, basi, ichukuliwe sampuli. Mimea michache mizima, yenye majani ya juu na nyuzi za chini, ilazwe kati ya karatasi za gazeti kuukuu na kuwekewa uzito. Karatasi zibadilishwe kila siku hadi mimea ikauke. Mimea mingine miwili au mitatu itiwe katika chupa yenye spiriti, maana nywele zikikandamizwa na karatasi hulala, na kizimba hakionekani vizuri. Katika kikaratasi cha kalamu ya risasi, ambayo haifutiki majini, yaandikwe jina la ziwa au mfereji na kijiji kilicho karibu, tarehe, kina cha maji, kama maji yanakwenda au yametulia, na ukubwa wa mahali palipofunikwa. Jina ambalo wenyeji huuita mmea liandikwe pia, kwa Kipokomo au Kiorma, kama lipo, maana jina la kale la wenyeji ni dalili kwamba mmea haukuja jana.

Mahali pa kupeleka ni Hifadhi ya Mimea ya Afrika ya Mashariki iliyoko Nairobi katika Makumbusho ya Taifa. Hifadhi hiyo ilianzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ndani ya kabati zake mimea ya nchi hizi imewekwa mikavu, kila mmoja na kikaratasi chake. Asiyeweza kufika huko aweza kumpa ofisa wa kilimo au wa uvuvi wa kaunti aliye karibu, pamoja na chupa ya spiriti, naye ataisafirisha.